Je, Wajua? Kreta, Kaldera na Tao

Kreta ya Menengai si kreta
Ukisimama mtaa wa Free Area, Nakuru, na kutazama kaskazini, ule mgongo mrefu ni Menengai, mlima wa mita 2,278. Shimo lake wengi wetu tunaliita kreta, ila wanajiolojia wanasema ni kaldera. Kreta ni mdomo wa volkano, tundu linalotapika moto na majivu. Kaldera huzaliwa kwa kuporomoka: volkano ikishamwaga magma nyingi, chini hubaki utupu, na mlima uliokosa wa kuubeba hutitia kama andazi lililotobolewa. Ndivyo Menengai ilivyopata shimo la takriban kilomita 12 kwa 8. Na moto haujazimika, kwani mvuke wake umekuwa ukizalisha umeme tangu 2023.

Bakuli na sufuria
Wagiriki wa kale waliita kreta bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji. Kaldera ni sufuria kubwa ya Wahispania. Aliyeyagawa majina haya alijua vipimo: kreta nyingi za volkano hazifikishi hata upana wa kilomita moja.

Ngorongoro nayo imo
Shimo maarufu kuliko yote Afrika Mashariki limebandikwa jina la kreta duniani kote, nalo ni kaldera tupu: upana karibu kilomita 20, kuta za mita 600 hivi. Mlima Longonot ndio wenye vyote viwili, kreta kileleni na kaldera kongwe iliyouzunguka mlima.

Mwezini jina ni sahihi
Mashimo ya mwezini karibu yote ni kreta, ingawa yalichimbwa na vimondo wala si volkano. Kaldera haina ruhusa hiyo, ni ya volkano pekee.

Jiji linaloitwa tao
Majina hayachanganywi kwenye mashimo tu. Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi Nakuru hati ya jiji, la nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Waingereza hutenga "town" na "city", na sheria yetu nayo hutenga: jiji sharti liwe na watu wasiopungua 250,000, kiwango kilichoshushwa mwaka 2019 kutoka 500,000. Makanga wa Free Area hana habari na hati hiyo. Anaita "Tao! Tao!", yaani "town", na matatu inajaa.