Magonjwa ya kupe (3): Lyme na nduguye, homa ya papasi

Tangu mwimbaji Justin Timberlake atangaze, mwishoni mwa Julai 2025, kwamba anaugua ugonjwa wa Lyme, wasomaji wa safu hii wameniletea maswali mawili. La kwanza: je, ugonjwa huo upo huku kwetu? La pili: mtu akirudi nao kutoka ughaibuni, atatibiwa wapi? Nitayajibu yote mawili. Lakini walionifuata tangu makala ya kwanza wananijua: akitajwa kupe, mimi naenda moja kwa moja kwa papasi. Safari hii nina haki ya kufanya hivyo, kwa sababu aliyegundua bakteria wa Lyme alijifunza kazi yake kwa kupasua papasi wa Afrika.

Tofauti ya kupe na papasi tulikwisha kuieleza, siirudii. Itoshe kukumbusha kwamba kupe hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa, hali papasi hutoka ufani usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi alikotoka kabla hujaamka. Anayeng'atwa na papasi mara nyingi hajui kwamba aling'atwa.

Mwaka 1904, madaktari Philip Ross na Arthur Milne waliokuwa Uganda walionyesha kuwa homa ya papasi iliyowasumbua wasafiri inatokana na bakteria mwembamba aliyejisokota, waliyemwona katika damu ya mgonjwa. Wakati huohuo, upande wa Kongo ya Mfalme Leopold, walikuwapo Joseph Everett Dutton na John Todd kutoka Shule ya Tiba ya Tropiki ya Liverpool. Hawa waliwaachia papasi wawang'ate tumbili, tumbili wakaugua, na hapo shaka ikaisha juu ya nani mwenezaji. Nao wenyewe hawakusalimika. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo, Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa bado kijana. Bakteria yule sasa anaitwa Borrelia duttonii. Kila nikilitaja jina hilo namkumbuka Dutton, na nawakumbuka pia watu wa Maniema waliokufa kwa homa hiyohiyo ambao hakuna bakteria aliyeitwa kwa majina yao.

Mwaka huohuo wa 1905, Robert Koch, Mjerumani yule wa kifua kikuu na kipindupindu, alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichunguza papasi waliokusanywa kwenye mabanda ya kulala wapagazi kando ya njia za misafara. Akatazama mayai yao, akakuta bakteria wamo humo. Maana yake ni kwamba papasi jike humrithisha mwanawe ugonjwa kabla hajaanguliwa, na banda lililoachwa bila watu halisafiki kwa kuachwa. Aliona pia kwamba wenyeji wa vijiji vyenye papasi hawaangushwi na homa kama wanavyoangushwa wageni, kwa kuwa wao huipata tangu utotoni. Wasafiri aliwashauri wapige hema mbali na banda. Ushauri mzuri kwa mwenye hema! Mpagazi aliyelibeba hema hilo kutwa nzima alirudi kulala bandani.

Sasa tuvuke kwenda Uswisi. Rudolf Geigy wa Basel, aliyeanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, ndiye yule aliyefungua maabara Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Kabla ya Ifakara alikuwa na mwanafunzi, Willy Burgdorfer, aliyefanya shahada ya uzamivu juu ya safari ya bakteria wa homa ya papasi ndani ya mwili wa papasi: siku fulani wako tumboni, siku fulani wamefika kwenye tezi za mate. Ilikuwa kazi ya subira, ya kupasua wadudu mmoja mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Burgdorfer alihamia Hamilton, Montana, nchini Marekani.

Huko Marekani, mwaka 1975, akina mama wawili wa Lyme na vitongoji vyake, jimbo la Connecticut, waligoma kunyamaza. Watoto wao na wa jirani walikuwa wakivimba magoti, na madaktari wakisema ni baridi yabisi ya watoto, basi. Mmoja wao, Polly Murray, alikuwa ameandika kila dalili iliyoipata familia yake. Daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale alipofuatilia, aliwakuta wagonjwa 51 katika eneo dogo, 39 kati yao watoto. Lakini chanzo hakikujulikana.

Mwaka 1981 Burgdorfer aliletewa kupe kutoka Shelter Island, jimbo la New York. Alikuwa akitafuta vimelea vya ugonjwa mwingine kabisa, homa ya madoadoa ya Milima ya Rocky. Alipopasua utumbo wa kupe wale akaona nyuzi zilizojisokota. Mwingine angeweza kuzipita, lakini yeye alikuwa amewazoea ndugu zao tangu ujana wake. Habari ilichapishwa mwaka 1982, na mwaka 1984 bakteria akapewa jina la Borrelia burgdorferi. Kwa hiyo anayeniambia kwamba magonjwa ya maskini hayana faida kwa dunia, namwelekeza kwenye tumbo la papasi.

Nirudi kwenye maswali. Lyme huenezwa na kupe wa aina chache za Ixodes, wanaoishi kwenye misitu na majani ya nchi za baridi: mashariki na magharibi ya Amerika Kaskazini, Ulaya, baadhi ya sehemu za Asia, na milima ya Afrika Kaskazini. Kupe wa ng'ombe na mbwa wetu si hao, ingawa nao wana magonjwa yao. Anayepaswa kujihadhari na Lyme ni mwenzetu anayeishi au kutembea huko. Marekani pekee inakadiria kuwa watu wapatao 476,000 hutibiwa kila mwaka.

Dalili ya mapema ni duara la ngozi linalopanuka, siku 3 hadi 30 baada ya kung'atwa. Vitabu huliita jekundu. Kwenye ngozi nyeusi linaweza kuonekana kama weusi uliokolea au alama ya kuvilia damu, ndiyo maana watu weusi wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, uso umepooza upande mmoja au goti limevimba. Kipimo cha damu katika wiki za mwanzo kinaweza kusema huna, kwa sababu mwili bado haujatengeneza kinga inayopimwa. Duara lenyewe, kwa mtu aliyetoka kwenye kupe hao, linatosha daktari kuanza dawa.

Na dawa ipo hapa. Doksisaiklini, ambayo haikosekani kwenye maduka yetu ya dawa, kwa mtu mzima ni miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 10 hadi 14 ugonjwa ukiwa bado kwenye ngozi. Mjamzito hupewa amoksilini. Mweleze daktari ulikotoka na lini, usinunue kwa kubahatisha. Waliopona huweza kubaki na uchovu na maumivu kwa miezi, na mateso hayo ni ya kweli. Lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kuongeza wiki nyingi za antibiotiki hakuwasaidii kuliko dawa bandia. Anayekuuzia dripu za miezi mitatu, au chai ya mizizi ya kusafisha Lyme, anasafisha mfuko wako. Na kupe aliyenasa mwondoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti waachie wengine.

Haya, nimewajibu. Sasa niulize na mimi: kwa nini tunalijua duara la Connecticut kuliko homa ya Dodoma? Hospitali ya Mvumi imeandika habari za homa ya papasi kwa miaka mingi. Homa hupanda siku tatu hivi, inaondoka, mgonjwa anashukuru Mungu, na baada ya wiki inarudi, kwa sababu bakteria amebadilisha vazi lake na kinga ya mwili haimtambui tena. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Tangu vipimo vya haraka vya malaria vienee, mgonjwa huyu huambiwa hana malaria, anapewa panadoli na kurudi kwenye nyumba ileile yenye nyufa. Vipimo hivyo vimeokoa watu wengi wala sivipingi. Ubaya ni kwamba vilipoingia, hadubini ikafunikwa kitambaa.

Fundi mmoja wa maabara mstaafu aliniwekea tone la damu mbichi chini ya kioo. Nikatazama, sikuona kitu.

"Usimtafute yeye, mwalimu," akaniambia. "Tazama chembe nyekundu. Ukiona zinatikisika na hakuna anayezitikisa, yupo."

Nikangoja. Chembe moja ikasogea, ya jirani ikageuka upande, kisha kati yao ukapita uzi mwembamba ukijinyonganyonga kama nyungunyungu. Slaidi ya tone nene iliyotiwa rangi, ileile ya malaria, humwonyesha akiwa wa zambarau, mradi damu itolewe homa ikiwa juu.

Tiba yake ni ya jamii ileile: tetrasaiklini au doksisaiklini, na kwa mjamzito penisilini au erithromaisini. Ila dozi ya kwanza imezwe kituoni, mgonjwa akiangaliwa kwa saa kadhaa, maana bakteria wanapokufa kwa wingi mwili hutetemeka, homa hupanda na shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.

Tumekubali bila kubisha kwamba ugonjwa usio na kipimo cha dakika 15 haupo. Huo ni uvivu, na anayeulipia ni mwenye nyumba ya udongo. Akina mama wa Lyme hawakuwa na maabara. Walikuwa na kalamu na ukaidi, na vyote viwili tunavyo. Familia yenye homa inayokwenda na kurudi iandike tarehe zake na kwenda nazo kituoni. Halmashauri nazo, zinapopanga bajeti, ziweke hadubini na mtu anayejua kuitumia katika kila kituo cha afya cha maeneo ya papasi.

Makala ijayo itahusu nyumba zenyewe: tembe, nyufa za sakafu, kitanda kinachogusa ukuta, na kwa nini papasi huweza kukaa miaka bila kula. Hadi hapo, aliyepatwa na homa iliyoondoka ikarudi asikubali kuambiwa "huna kitu" kabla damu yake haijatazamwa.