Mchoraji wa Kicukiro ajaribu samadi ya ng'ombe

Mwezi huu ukurasa wetu wa kazi za mikono umefika Kicukiro, moja ya wilaya 3 za jiji la Kigali, kwa mkimbizi mwenzetu kutoka Kongo. Ameomba jina lake lisiandikwe, basi tumwite Mchoraji. Miaka mingi amechora kwa rangi ya mafuta: sura za watu, ziwa, wavuvi na mitumbwi yao. Siku hizi mikono yake imejaa samadi.

Studio yake ni baraza ya nyumba ya kupanga. Anachojaribu ni imigongo, na jina hilo sisi tunalielewa bila mkalimani: ni migongo, yale matuta yanayoinuka juu ya ubao. Sanaa hii ni ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Wazee husimulia kwamba aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, alipopamba kuta za nyumba yake kwa ndani. Makao yake hadi leo ni Nyakarambi, wilaya ya Kirehe. Ndiyo, Kirehe hii hii yenye kambi ya Mahama tangu 2015! Wengi wetu tumepita pale na basi bila hata kugeuza shingo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, kina mama wa Nyakarambi ndio walioifufua kwa kuungana katika ushirika.

Kwa nini mtu wa rangi ya mafuta aingie huko? Kwanza ni mfuko. Rangi ni ghali, na picha inaweza kukaa ukutani miezi bila mnunuzi. Samadi angalau inapatikana.

Lakini kupatikana si kuwa rahisi. Samadi mbichi huchanganywa na majivu, ambayo hupunguza harufu na kuzuia wadudu. Michoro hupigwa kwanza kwa mkaa juu ya ubao, halafu matuta hujengwa kwa vidole, kidogo kidogo. Yakikauka kabisa husuguliwa kwa msasa, ndipo rangi hupakwa. Rangi za zamani zilikuwa udongo mweupe, udongo mwekundu, na nyeusi ya utomvu wa mshubiri na majivu ya maganda ya ndizi. Siku hizi wengi hutumia rangi za dukani.

Ubao wake wa kwanza ulipasuka kama shamba la kiangazi: maji yalizidi. Wa pili aliupaka rangi kabla haujakauka, ikabanduka. Binti yake akauliza, "Papa, sasa tutalala na mavi?" Majirani nao walicheka, tena sana.

Wa tatu ndio uliomfundisha. Alitaka kuchora uso wa mama yake, lakini vidole na samadi havikubali mashavu na kope. Imigongo ni pembe, mistari na misokoto. Akaacha uso, akajenga mistari ya kukunjamana kama kitenge, akausimamisha ubao pale barazani. Asubuhi jua likaupiga kwa ubavu.

"Kwenye mafuta, kivuli nakichora mimi," anasema. "Hapa kivuli kinakuja chenyewe, na saa sita kinaondoka."

Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipoanza kuichora samadi kama samadi, akaacha kuilazimisha iwe mafuta.

Kuna jambo lingine linalomsumbua. Je, mkimbizi auze urithi wa watu waliompokea? Amejiwekea mpaka: mitindo ya Nyakarambi hainakili kwa kuuza, na mnunuzi humwambia wazi kwamba kazi hii ni jaribio la Mkongomani. Wengine wanaona anajinyima soko bure. Mimi namwelewa, maana hata sisi tusingependa nyimbo zetu ziuzwe na mtu asiyetaja zilikotoka.

Rangi ya mafuta hajaiacha. Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Rwanda, lililofunguliwa 2018 katika ikulu ya zamani kule Kanombe, liko wilaya hiyo hiyo ya Kicukiro, na akipata nafasi huenda kutazama kazi za wenzake.

Kwa atakayetaka kujaribu, Mchoraji anashauri hivi: anza na ubao mdogo, maji kidogo, na ukaushie kivulini. Samadi omba kwa mwenye ng'ombe ikiwa bado mbichi, kwani iliyokwisha kukauka njiani haishiki.