Ulinzi wa Kompyuta za Umma dhidi ya Kuchezewa: Haki ya Mtumiaji Anayefuata

Makala haya yanafafanua namna ya kuzilinda kompyuta zilizowekwa mahali pa wazi, kama vile maktabani na katika maduka ya huduma za intaneti. Hoja kuu ni kwamba mashine iliyoharibiwa huonekana ikatengenezwa. Yenye hatari zaidi ni ile iliyochezewa ikaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Mwaka 2003, jijini New York, mtu mmoja alikiri mahakamani kwamba alipachika programu ya siri katika kompyuta za maduka yasiyopungua 14 ya Kinko's. Programu hiyo ilinakili kila herufi iliyochapwa na wateja. Kwa takribani miaka 2 alijipatia majina na nywila zaidi ya 450, akazitumia kuingilia akaunti za benki.

Ulinzi unahitaji tabaka nne. Kwanza, mashine iwekwe ndani ya kasha lenye kufuli, ili tundu za USB zisifikiwe. Mwaka 2014, Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha katika mkutano wa Black Hat kwamba flashi inaweza kubadilishwa ijitambulishe kama kibodi na kuchapa amri yenyewe. Hivyo basi, kuzuia mafaili pekee hakutoshi. Pili, mashine iwake kutoka katika diski yake ya ndani tu, na mpangilio huo ulindwe kwa nywila. Vinginevyo, mpita njia ataiwasha kwa mfumo wake mwenyewe na kuyakwepa masharti yote. Tatu, akaunti ya umma isiwe na mamlaka ya kusakinisha programu. Aidha, njia za mkato zizibwe: katika Windows, kubonyeza Shift mara 5 mfululizo huweza kufungua dirisha linaloelekeza kwenye mipangilio. Nne, kila mtumiaji anapoondoka, mfumo urejeshwe katika hali yake ya awali.

Hata hivyo, urejeshaji huo hauondoi kifaa kidogo cha kunasa herufi kilichochomekwa kati ya kibodi na kompyuta. Kwa sababu hiyo, mhudumu hana budi kukagua nyaya kila siku. Tabaka hizi hutegemeana: programu hailindi waya, wala kufuli halifuti kilichoachwa katika diski. Kigezo cha kuzipima ni kimoja, yaani mtumiaji wa mwisho wa siku aikute mashine ikiwa salama kama alivyoikuta wa kwanza.