Sungura Dume na Jike: Kwa Nini Kila Mmoja Anahitaji Chumba Chake

Mlaji anayetaka sungura wa kufuga nyumbani mara nyingi hununua wawili kwa pamoja, dume na jike, akiamini kwamba watakaa kwa amani katika banda moja kama mume na mke. Imani hiyo ndiyo chanzo cha hasara nyingi zinazoweza kuepukwa. Katika makala haya tunaeleza kwa nini dume na jike waliokomaa wasilale chumba kimoja, na mambo ambayo mnunuzi wa Ipogolo au wa kwingineko mkoani Iringa anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha yake.

Asili ya mnyama huyu

Sungura tunayemfuga si yule wa porini anayetajwa katika hadithi zetu. Yule wa porini hachimbi shimo, wala hawezi kuzaliana na huyu wa nyumbani. Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa Ulaya, ambaye huishi katika mashimo aliyoyachimba. Jike hulilinda shimo lake kwa ukali, hasa anapokuwa na mimba au watoto, na anayesumbuliwa hukimbia. Ndani ya kizimba hakuna pa kukimbilia. Hapo ndipo ugomvi ambao porini ungekwisha kwa mmoja kuondoka huishia kwa majeraha. Jike aliyechokozwa huweza kumng'ata dume hata kumjeruhi korodani, na dume asiyeondolewa humsumbua jike mchana na usiku.

Hesabu ya uzazi

Wanyama wengi wa kufugwa hupata joto kwa vipindi vinavyojulikana. Sungura jike hana mzunguko wa namna hiyo. Mayai yake huachiliwa kwa sababu ya kupandwa kwenyewe, saa 10 hivi baada ya tendo. Mimba huchukua siku 31 kwa wastani, na jike anaweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa.

Tuchukue mfano. Jike aliyepandwa tarehe 1 Machi atazaa karibu tarehe 1 Aprili. Dume akiwamo bandani, atampanda tena siku hiyo, naye atazaa tarehe 2 Mei, kisha tarehe 2 Juni. Tukikadiria watoto 6 kwa kila uzao, mwenye banda aliyenunua sungura wawili ana sungura 20 wakati baridi ya Iringa inaanza kushika. Wale wa uzao wa kwanza wana miezi miwili, nao watahitaji kutenganishwa kwa jinsia kabla ya kutimiza miezi mitatu. Wale wa uzao wa pili ndio kwanza wanaacha kunyonya. Jike mwenyewe amebeba mimba na kunyonyesha kwa wakati mmoja: hukonda, maziwa humpungua, na watoto dhaifu hufa.

Kwa hiyo, anayenunua jozi hanunui wanyama wawili tu. Ananunua pia vyumba, chakula na dawa za wale watakaozaliwa.

Banda linalofaa

Kila sungura mkubwa wa kimo cha kati apewe chumba chenye urefu usiopungua sentimita 90, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 50. Kikiwa kikubwa zaidi ni bora. Vyumba vinaweza kupakana, mradi ukuta wa kati uwe wa mbao ili wasing'atane. Banda liinuliwe kutoka ardhini, liezekwe vizuri, na upande unaopigwa na upepo uzibwe, hasa miezi ya Juni hadi Agosti. Sakafu ikiwa ya wavu, uwekwe ubao wa kupumzikia ili nyayo zisipate vidonda. Majani makavu na maji safi yapatikane wakati wote.

Anayetaka kuzalisha ampeleke jike kwenye chumba cha dume, wala si kinyume chake, kwa kuwa jike hushambulia anayeingia kwake. Asimamie mwenyewe, na mara tu baada ya kupandwa amrudishe jike chumbani kwake. Siku ya 27 au 28 ya mimba aweke kasha la kuzalia lenye majani makavu. Baada ya kuzaa, asishtuke akimwona mama yuko mbali na watoto, kwani sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache. Watoto wenye matumbo yaliyojaa na miili yenye joto hawajatelekezwa.

Kwa asiyetaka watoto wa sungura

Wapo wanaofuga kwa ajili ya kupendezwa na mnyama tu. Hao wanaweza kumweka jike pamoja na dume aliyehasiwa na mtaalamu wa mifugo aliyesajiliwa. Baada ya kuhasiwa, dume atengwe kwa muda wa wiki 4 hadi 6, kwa sababu mbegu zilizobaki mwilini bado zinaweza kumpa jike mimba. Kisha wazoeshwe polepole, wakiangaliwa. Majike wawili waliokua pamoja nao huweza kuelewana katika banda pana, ingawa si wote. Madume wawili wasiohasiwa wakishakomaa hupigana, hata kama ni ndugu wa uzao mmoja.

Kabla ya kulipa

Kosa la kawaida sokoni ni kuuziwa jinsia isiyo sahihi. Sungura wadogo hufanana mno, na hata muuzaji mwaminifu huweza kukosea. Tunamshauri mlaji afanye yafuatayo:

1. Anunue sungura aliyetimiza angalau wiki 8, umri ambao jinsia hutambulika kwa urahisi zaidi.
2. Amwombe muuzaji amgeuze mnyama na kubonyeza taratibu penye uke au uume. Dume huonyesha tundu la mviringo lenye kimrija, na jike huonyesha mpasuo wa wima.
3. Akague pua iwe kavu, masikio yasiwe na magaga, na sehemu ya nyuma isiwe na kinyesi cha majimaji.
4. Adai risiti inayotaja jinsia, umri, bei, tarehe, na jina na simu ya muuzaji.
5. Awe tayari na vyumba viwili kabla ya kuwaleta nyumbani sungura wawili.

Akiwa na shaka, amwone afisa mifugo wa kata. Jinsia ichunguzwe tena sungura wanapofikia miezi mitatu, kwa maana umri huo korodani za dume huanza kuonekana.

Haki na wajibu

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Aliyeuziwa madume wawili kwa jina la jozi awatenganishe mara moja, kisha arudi kwa muuzaji na risiti yake mapema iwezekanavyo. Wasipoafikiana, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa maandishi kwa Tume ya Ushindani. Bila risiti, madai yake huwa magumu kuthibitishwa.

Mlaji naye ana wajibu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge dhidi ya mateso yasiyo ya lazima. Kumfungia jike pamoja na dume asiyempa nafasi ya kupumzika ni mateso ya namna hiyo, hata kama mwenye banda hakukusudia. Mwenye nafasi ya chumba kimoja tu anunue sungura mmoja, na wa pili amsubiri hadi chumba cha pili kitakapokamilika.