Mashine ya kahawa ya dola 3,900: inafaa kubebwa hadi nyumbani?

Kati ya mizigo ambayo ndugu zetu wanaorejea kutoka Ulaya na Marekani hufikiria kuja nayo, siku hizi hutajwa pia mashine ya espreso. Si ajabu. Aliyeishi ughaibuni miaka kumi na kuzoea kikombe kile kidogo, kizito, chenye povu la kahawia juu, harudi kwa urahisi kwenye kahawa ya unga wa kopo. Lakini je, mashine ya bei kubwa ikifika huku itafanya kazi kama ilivyofanya huko?

Tuchukue Linea Micra, mashine ya nyumbani iliyotolewa mwaka 2022 na kampuni ya La Marzocco ya Italia, iliyoanzishwa mjini Florence mwaka 1927 na ndugu wawili, Giuseppe na Bruno Bambi. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 3,900. Ina uzito wa kilo 19, yaani ukiitia kwenye katoni yake inakula karibu mzigo wote wa kilo 23 ambao mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria.

Fedha hizo zinanunua boila mbili. Moja ni ndogo, ya maji ya kahawa tu. Nyingine ya lita 1.6 ni ya mvuke wa maziwa. Kwa hiyo unakamua kahawa na kuchemsha maziwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo mashine nyingi za bei nafuu haziwezi. Inapata moto kwa takriban dakika tano. Gramu 18 za kahawa iliyosagwa zikitoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30, kikombe cha kumi kitakuwa na ladha ya kile cha kwanza. Uthabiti huo ndio hasa unaolipiwa.

Sasa tuilete kwetu. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Nairobi ni karibu mita 1,800. Kwa miinuko hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 za Sentigredi, si 100. Ukiiweka boila ya kahawa kwenye nyuzi 96, kama wengine wafanyavyo kwa kahawa iliyokaangwa kidogo, maji yatatoka yakitema mvuke kabla pampu haijajaza mgandamizo. Iweke nyuzi 92 au 93 na mambo yatatulia. Wa Mombasa au Dar es Salaam hana shida hiyo.

Umeme ndio mtego wenyewe. Mashine iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 za ukutani kwetu utanusa moshi kabla ya kahawa. Transfoma ya kubeba mzigo huo ni kubwa na nzito, tena haibadilishi hezi 60 kuwa 50. Anayerejea kutoka Ulaya yuko salama kwa upande huu, ila naye anunue kifaa cha kudhibiti volti, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, ubao wa elektroniki ndio unaoungua kwanza. Maji nayo yaangaliwe. Ya kisima kirefu mara nyingi huwa na chokaa, na chokaa huziba boila. Chujio la kulainisha maji ni la lazima.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: mashine hii bila kisagio kizuri ni pambo la jikoni. Tenga dola 500 nyingine. Jumla ni 4,400. Kwa vikombe viwili kila siku kwa miaka mitano, utakuwa umenywa vikombe 3,650, na kila kimoja kimekugharimu dola 1.20 kabla hujanunua hata punje moja ya buni.

Mpakani je? Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, anayehamia au kurejea kuishi nchini anasamehewa ushuru wa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka, mradi viingie pamoja naye au ndani ya siku 90 tangu afike. Mashine iliyofungwa bado kwenye plastiki haionekani kuwa imetumika, na ofisa ana haki ya kuuliza. Wafanyabiashara nao wasijidanganye na cheti kile chepesi cha uasilia cha mizigo isiyozidi dola 2,000: ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, na hii ni ya Italia hata kama umeinunua Kampala. Utalipa ushuru, kisha kodi ya ongezeko la thamani ambayo ni asilimia 18 Uganda, Rwanda na Burundi, ikihesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo.

Kwa maoni yangu, anayetoka Ulaya, mwenye kipato na fundi wa karibu anayehudumia mashine za hoteli, hatajuta. Anayetoka Marekani aiuze hukohuko. Kwa wengine kuna kile chombo cha alumini cha Bialetti, kilichobuniwa Italia mwaka 1933, kinachokaa hata juu ya jiko la mkaa. Hakitoi espreso kamili, lakini ukitia Bugisu ya Mlima Elgon au kahawa ya Kayanza iliyokaangwa wiki mbili zilizopita, wageni watakuomba kikombe cha pili. Kwa mwenye duka mpakani, biashara iko hapo, pamoja na mipira yake ya kuzuia mvuke, ambayo huchakaa na kutafutwa tena.