Mlowo: Mji wa Njiani na Uzito wa Gunia



Msafiri atokaye Mbeya kuelekea Tunduma hushuka kwanza katika bonde la Mto Songwe, kisha barabara huanza kupanda hadi kwenye uwanda wa Mbozi. Huko juu hewa hupoa, udongo huwa mwekundu, na mibuni huonekana katikati ya migomba na mahindi. Kilometa chache kabla ya kufika Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, malori hupunguza mwendo na wachuuzi hukimbilia madirishani. Hapo ndipo Mlowo. Wapo watu waliopita hapo mara ishirini na hawajawahi kushuka.

Seminarini tulisimuliwa sana habari za Ars, kijiji kidogo cha Ufaransa kilichoko kaskazini mwa Lyon, ambako Mtakatifu Yohane Maria Vianney alipelekwa mwaka 1818. Kilikuwa na watu wapatao 230, karibu wote wakulima. Alikaa nao hadi alipofariki mwaka 1859, na mwaka 1929 Papa Pio XI alimtangaza kuwa msimamizi wa maparoko wote. Tunapenda kuhubiri juu ya saa zake nyingi katika kiti cha maungamo. Hatusemi sana kwamba kabla ya hapo alikuwa amekijua kijiji chake: nani analima Jumapili, nani anamalizia mavuno yake kilabuni. Mchungaji asiyejua kondoo wake wanakula nini atawaungamisha dhambi za kitabuni tu. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuandika juu ya Mlowo, na hasa juu ya gunia.

Wenyeji wa uwanda huu ni Wanyiha. Kabla ya wageni walikuwa wakulima na pia wafua chuma, waliyeyusha mawe katika tanuri za udongo na kupata majembe. (Chuma kingine walikipata bila jasho: Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi, ambacho hukadiriwa kuwa na tani zaidi ya kumi. Ni mmoja wa wageni wachache waliofika Mbozi wasiendelee na safari.) Mwishoni mwa karne ya 19 Wamoraviani walijenga misheni Mbozi, na haki inatutaka tukiri kwamba Injili ilisikika hapa kwanza kwa Kinyiha kutoka kwao. Baadaye walikuja walowezi na mashamba ya kahawa. Mwaka 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita katika nyanda hizi kuelekea Fife, wiki chache kabla ya kusalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Lilipita pamoja na wapagazi wake, kama ilivyokuwa desturi ya vita vile: mzigo wa mwingine juu ya kichwa cha mwenyeji.

Lakini Mlowo wa leo ulizaliwa na jambo lililotokea mbali. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta haina njia salama ya kupitishia shaba yake na kuingizia mafuta. Jibu lilipita katika uwanda huu huu: bomba la mafuta la TAZAMA lililokamilika mwaka 1968, barabara kuu ya lami ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA yenye kilometa 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976. Hakuna hata kimojawapo kilichojengwa kwa ajili ya mkulima wa Mbozi. Yeye aliisogelea barabara, akaweka mahindi yake kando yake, na mji ukaota.

Kuna njia nyingine, isiyo na sifa hizo. Kutoka Mlowo barabara huteremka kaskazini-magharibi hadi Kamsamba, katika bonde la joto la Mto Momba unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa. Huko hutoka mpunga na ufuta. Daraja la Momba lililojengwa miaka ya karibuni limeunganisha upande huo na Mkoa wa Rukwa. Kwa hiyo Mlowo ni mlango: mazao ya bondeni na ya uwandani hukutana hapo na malori.

Mlangoni ndipo gunia linapopimwa, au lisipopimwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi yote hukomaa pamoja, hivyo bei huwa chini wakati ambao kila mtu anayo. Mama mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kungoja Januari. Mnunuzi anajua, naye huja na gunia lililoongezewa kichwa cha kushonea kwa kamba juu ya mdomo wake. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, imeikataza. Mazao hayafungashwi kupita kilo 100. Hesabu ni nyepesi. Gunia likishindiliwa hadi kilo 120, mkulima aliyeuza matano amelipwa matano, naye mnunuzi ameondoka na sita.

Wafanyabiashara nimewasikiliza, nao wana hoja. Nauli ya lori ikidaiwa kwa gunia, gunia dogo ni hasara kwao, na anayekataa lumbesa peke yake huachwa na wenzake. Hoja hiyo inaeleza dhambi ilivyozoeleka, haiifuti. Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo, na nabii Amosi (8:5) anawakemea watu wanaosubiri sabato iishe ili wakapunguze kipimo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaiweka faida itokanayo na ujinga au shida ya mwingine chini ya amri ya saba. Haijui neno lumbesa, lakini inaijua lumbesa.

Na sisi je? Kila mwaka waamini huleta shukrani ya mavuno mbele ya altare: mahindi, maharage, kahawa, wakati mwingine kuku. Parokia haiwezi kula yote, huyauza. Mwaka mmoja niliwakuta walei wangu nyuma ya kanisa wakishindilia magunia ya sadaka kwa mguu, kwa kuwa mnunuzi alisema hatachukua mengine. Yalikuwa mahindi ya wajane, yaliyobarikiwa saa mbili kabla. Nilinyamaza siku ile, nami nililiungama jambo hilo.

Mwaka uliofuata tuliazima mizani na kuiweka uwanjani baada ya Misa. Wanunuzi wawili waliitazama wakaondoka. Wa tatu alichelewa hadi saa kumi jioni, akalipa kwa kilo, na katekista akaandika kila uzito kwenye daftari. Bei yake kwa gunia ilikuwa ndogo kuliko ile ya wenzake. Kwa kilo ilikuwa kubwa. Wazee wa kigango waliomba kuliona daftari, wakarudia hesabu hiyo mara tatu, kisha mmoja akauliza kama mizani ile ingeweza kubaki hadi Jumatatu.