Gari Halikukataa Amri: Jinsi Sanduku la Gia Lenye Klachi Mbili Linavyokata Shauri

Alasiri moja ya jua kali tulikuwa tukirejea Kampala kwa barabara ya Masaka, ndani ya gari dogo la kazi ambalo halina pedali ya klachi. Mbele yetu lilikuwako lori lililosheheni matoke, likijikokota juu ya mwinuko mdogo huku likitoa moshi mweusi. Dereva wetu, koplo mwenye miaka mingi nyuma ya usukani, alichungulia, akaona njia i nyeupe, akatoka upande wake na kukanyaga pedali ya mafuta hadi chini. Gari likanyamaza. Halikunyamaza kwa muda mrefu. Ulikuwa ni muda wa mtu kukohoa mara moja. Lakini katika muda huo huo basi la abiria lilichomoza mbele yetu, na koplo akalazimika kurudi nyuma ya lori kwa haraka. Tulipokwisha kuvuta pumzi, alisema kwa uchungu: "Afande, gari limekataa amri."

Tuseme kweli tangu mwanzo. Kulipita gari jingine mahali ambapo hujaona mwisho wa mwinuko ni kosa, na sisi tulioketi kando ya koplo hatukumkataza. Kosa hilo tulikwisha kulikubali. Lakini neno lake lilitukaa moyoni. Askari akikataa amri, hushtakiwa. Je, mashine nayo hukataa? Tuliwauliza mafundi, tukasoma vitabu vya ufundi, na leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi yale tuliyoyapata. Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili: gari lile halikukataa. Lilikuwa limejitayarisha kutii amri nyingine.

WAZO LA ZAMANI

Sanduku la gia lenye klachi mbili si jambo geni kama wengi wadhanivyo. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni mhandisi wa Kifaransa, Adolphe Kégresse. Bwana huyu alipata kuhudumu katika gereji ya Nicholas wa Pili, mfalme wa mwisho wa Urusi, na huko akabuni gari lenye mikanda ya mpira nyuma badala ya magurudumu, ili liweze kupita katika theluji. Baadaye magari ya namna hiyo, yaliyoundwa na kampuni ya Citroën, yalivuka bara letu kuanzia Algeria katika msafara wa mwaka 1924 na 1925. Msafara huo ulifika hapa Kampala, ukagawanyika makundi manne, kila kundi likashika njia yake kuelekea kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska.

Mwaka 1939 Kégresse alibuni sanduku la gia lenye klachi mbili. Lakini vita vikuu vilizuka, fedha hazikupatikana, naye akafariki mwaka 1943 bila kuona wazo lake likiuzwa madukani. Miaka ya 1980 kampuni ya Porsche ililijaribu katika magari yake ya mashindano. Mwaka 2003 likatokea katika gari la kununuliwa na raia wa kawaida, Volkswagen Golf R32. Mwaka 2010 lilitiwa katika lori dogo la Fuso Canter, na mwaka 2014 kampuni ya Volvo ikalitia katika malori makubwa ya mizigo. Sababu moja kubwa ya kungojea miaka mingi hivyo ni kwamba klachi mbili zahitaji akili ya kuziamuru upesi kuliko mguu wa binadamu, na akili hiyo ilikuja pamoja na kompyuta.

TAHADHARI NA UTEKELEZAJI

Katika gari lenye klachi moja, dereva abadilishapo gia hapana budi akate kwanza nguvu ya injini, aondoe gia ya zamani, aingize mpya, kisha airudishe nguvu. Katika muda huo gari lajiendea tu kwa kasi iliyobaki nalo.

Sanduku la klachi mbili ni mfano wa masanduku mawili yaliyotiwa katika jumba moja. Tuchukue lile la gia sita la Golf tuliyoitaja. Klachi moja yatawala gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya kurudi nyuma. Klachi ya pili yatawala gia ya pili, ya nne na ya sita. Gari likienda kwa gia ya tatu, klachi ya kwanza imefungwa na kupitisha nguvu. Klachi ya pili i wazi, wala haifanyi kazi. Lakini upande wake hauko bure: gia ya nne imekwisha kuingizwa, yangoja. Wakati wa kubadilisha ufikapo, klachi ya kwanza huachia huku ya pili ikishika, kwa sehemu ndogo ya sekunde, na nguvu haikatiki.

Kila askari aliyepita uwanja wa gwaride anaifahamu kanuni hii. Amri ya gwaride ina sehemu mbili: tahadhari na utekelezaji. Kamanda asemapo "Kushoto...", kikosi chote hujiweka tayari moyoni na mwilini, asemapo "...geuka!", kinageuka kama mtu mmoja. Kuingiza gia inayofuata kabla ya wakati wake ndiyo tahadhari. Kubadilishana kwa klachi ndiyo utekelezaji. Upesi wote wa sanduku hili umo katika kujua mapema ni amri gani itakayofuata.

KINACHOPIMWA

Basi kompyuta hujuaje? Kwanza, hukusanya habari. Vipimo vya umeme huiarifu kasi ya gari, mizunguko ya injini, gia iliyomo, na joto la oili. Huiarifu dereva amekanyaga pedali ya mafuta kiasi gani, na jambo kubwa zaidi, ameikanyaga upesi kiasi gani. Mguu unaoshuka polepole na mguu unaopiga pedali kwa ghafla ni amri mbili tofauti, hata kama yote miwili itaishia mahali pamoja. Breki nayo hutoa habari zake, na katika magari mengi usukani pia, ili gia isibadilishwe katikati ya kona kali.

Pili, kompyuta hutazama jedwali ililopewa na waundaji. Tutoe mfano, nao ni mfano tu. Gari li katika gia ya tatu. Dereva akigusa pedali kidogo, jedwali laweza kusema: ingia gia ya nne ukifika kilomita 45 kwa saa. Akikanyaga nusu: ngoja hadi 60. Akikanyaga hadi chini: ngoja hadi 90, maana mtu huyu ataka nguvu yote.

Kushuka gia kuna jedwali lake, nalo huwekwa chini kuliko la kupanda. Gari lililopanda gia ya nne kwenye kilomita 45 huenda lisirudi ya tatu mpaka kasi ishuke hadi 35. Nafasi hiyo imeachwa kwa makusudi. Kama mpaka wa kupanda na wa kushuka ungekuwa mmoja, gari linalokwenda kilomita 45 lingepanda na kushuka pasipo kikomo, kama mlinzi asiyejua kwamba zamu yake imekwisha au bado. Dereva akiweka S badala ya D, mipaka yote husogezwa juu: gia hukaa muda mrefu zaidi, na injini huwa tayari kutoa nguvu.

Tatu, kompyuta hukisia hali ya barabara ijapokuwa haina macho. Yajua injini inatoa nguvu kiasi gani, na yajua kwamba kwa nguvu hiyo gari lapaswa kuongeza kasi kiasi gani. Gari lisipoongeza kasi hiyo, hukata shauri: ama twapanda mlima, ama tumebeba mzigo. Hapo huchelewa kupandisha gia. Kadhalika, gari likizidi kwenda mbio ilhali mguu umeondolewa kwenye mafuta, hujua kwamba ni mteremko, na dereva akishika breki huweza kushusha gia ili injini isaidie kulizuia gari.

MAHALI PA KUKOSEA

Sasa turudi kwa koplo wetu. Alikuwa akilifuata lori kwa mguu mwepesi, na yamkini gari lilikuwa katika gia ya nne. Kwa habari zilizokuwapo, kompyuta ilikisia kwamba mtu huyu mtulivu ataendelea na utulivu wake, ikaitayarisha gia ya tano. Mara mguu ukapiga chini. Sasa iliyotakiwa ni ya tatu. Lakini ya tatu na ya tano zi upande mmoja, haziwezi kuwamo kwa pamoja. Ilibidi ya tano itolewe, ya tatu iingizwe, injini ipandishwe mizunguko ili ilingane na gia mpya, ndipo klachi zibadilishane. Tahadhari ilikuwa "Kushoto", utekelezaji ukaja "Kulia, geuka!" Hata kikosi hodari kingeyumba.

Kuna hali iliyo ngumu zaidi. Kutoka gia ya sita kwenda ya pili, zote mbili ni za klachi moja, hata hazina wa kubadilishana naye. Sanduku la Golf hulazimika kupitia gia ya tano iliyo upande wa pili, iwe kama daraja, ndipo lifike ya pili. Mashine hufanya haya yote upesi kuliko sisi tuwezavyo kuyasimulia. Walakini gari lililo upande usio wake barabarani halina nusu sekunde ya kupoteza.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kila dereva alishike. Kompyuta hii yajua habari zote za magurudumu na mguu wako, lakini haijui lolote kuhusu basi lililo nyuma ya kilima. Haimwoni mtoro unayemfuata, wala mtoto anayevuka njia. Wewe ndiwe mwenye macho, na kwa hiyo ni juu yako kuipa tahadhari kabla ya utekelezaji.

YA KUFANYA

Ukitaka kulipita gari lingine, usingoje mpaka umekwisha kutoka upande wako. Ukiwa bado nyuma yake, weka S, au ushushe gia kwa mkono, ambayo ni kazi ya alama za kujumlisha na kutoa zilizo kwenye magari mengi ya namna hii. Sikia injini imepanda. Tazama njia mara ya pili. Ndipo utoke. Usiogope kuiharibu injini, kwa maana ukiagiza gia iliyo ndogo mno kwa kasi uliyo nayo, kompyuta itaikatalia. Huko ndiko kukataa amri kwa kweli, nako ni kwa faida yako.

Kwenye mteremko mrefu, kama ile ya Kabale, chagua gia ndogo mapema wala usitegemee breki peke yake. Breki ikishika moto, hakuna kompyuta itakayoipoza.

Ukisimama juu ya mwinuko, lizuie gari kwa breki. Dereva alizuiaye kwa kugusa mafuta kidogo kidogo anaisugua klachi, hata kama haoni pedali yake. Klachi zilizomo ndani ya oili huvumilia kiasi. Zile kavu huvumilia kidogo zaidi. Ndivyo ilivyo pia katika msafara unaokwenda mwendo wa mguu. Acha nafasi ifunguke mbele yako, kisha uende mara moja, usiburure gari hatua kwa hatua kwa saa nzima. Ukiona taa ya onyo la joto, au gari likitetemeka lisivyo kawaida, simama mahali pa salama, weka P, uache oili ipoe.

Na kwa wale waliozoea kuwaita wenzao kumi waje kusukuma: gari hili haliwashwi kwa kusukumwa. Injini ikiwa imezimika, klachi hazishiki, nanyi mtatoka jasho la bure. Oili ya sanduku nayo si ya milele. Lile la Golf tulilolieleza, kwa mfano, hubadilishiwa oili kila kilomita 60,000. Anayeipuuza tarehe hiyo asije akailaumu mashine.

Juma lililofuata tulisafiri tena na koplo yule yule kwa barabara ile ile, na lori la matoke halikukosekana. Safari hii alikaa nyuma yake mpaka mwinuko ukaisha na njia ikaonekana mbali. Akavuta mkono wa gia, injini ikanguruma kabla hatujatoka, naye akatazama kwa mara nyingine. Tulipita bila haraka na kurudi upande wetu. Hakusema neno, nasi hatukuuliza. Gari lilikuwa limepewa tahadhari yake kwa wakati, likatekeleza.